Gego la chini, elfu arobaini, na mkopo wa simu

Dada wa Kondele, umeuliza hivi: gego linatakiwa kusafishwa mizizi na kuvishwa kofia (kifuniko kigumu cha jino, yaani crown), kliniki imekuandikia shilingi 40,000, una 15,000, je, ujazie kwa mkopo wa simu? Tafadhali usiuguse bado. Kazi hii haifanywi siku moja, basi si lazima ilipwe siku moja.

Rudi uwaombe wakuchanganulie hiyo 40,000 kwa maandishi: eksirei, kusafisha na kujaza mizizi, kujenga sehemu iliyooza, kisha kofia. Waulize kama utalipa kila hatua siku yake, na uulize kabla hujadungwa ganzi. Kwenye kofia watataka arubuni, kwa kuwa maabara inayoitengeneza lazima nayo ilipwe.

Hapa ndipo wengi hupoteza jino na pesa pamoja. Baada ya ziara ya kwanza maumivu hupoa, mtu akajiona amepona, pesa ya kofia ikaenda kwa karo. Lakini kilichoziba jino ni dawa ya muda tu. Wiki zikipita inalika pembezoni, mate yanapenya na bakteria wake, usaha unarudi. Hata mizizi ikishajazwa vizuri, gego lisilo na kofia ni rahisi kupasuka. Unauma hindi la kuchoma, unasikia ta! Ufa ukishuka chini ya ufizi, ni kung'oa. Kwa hiyo usianze kabla ya kujua pesa ya kofia inatoka wapi. Ikiwa haionekani kabisa, kung'oa mapema pale Russia (hospitali ya rufaa ya Jaramogi, Kisumu) au hospitali nyingine ya umma ni afadhali kuliko kuachia kazi katikati. Sisemi hivyo kwa wepesi, jino lako ni bora kuliko la bandia.

Sasa 25,000 iliyobaki. Mkopo wa simu wa ada ya 7.5% kwa siku 30 utakula 1,875 mwezi wa kwanza, na ukishindwa kulipa ada inaongezeka. Mkopo wa dharura wa sacco, kwa 1% kwa mwezi ya deni linalobaki, ukirudisha 2,500 kila mwezi kwa miezi kumi, riba yote ni 1,375. Utahitaji wadhamini, kwa hiyo anza kuwatafuta wiki hii. Kama uko kwenye chama cha mzunguko, omba kubadilishana zamu na mwenzako. Hiyo haina riba. Kukopa mfuko wa chama ni jambo jingine, vingine hutoza 10% kwa mwezi.

Bima ya kazini: meno huwa na kiwango chake, tofauti na cha matibabu mengine. Uliza kimebaki kiasi gani, na kliniki ipate kibali kabla ya kuanza, la sivyo bili inakurudia. Wasomaji wa Nakuru mnaotaka kuondoa rangi ya kahawia ambayo floraidi ya maji huacha kwenye meno, bima nyingi huhesabu hayo ni urembo. Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, uliza kaunta ya hospitali yenyewe ni huduma gani ya meno inalipiwa pale.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha daktari na kliniki wamo kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari wa tiba na wa meno Kenya, mtandaoni. Lipa kwa till ya kliniki, kamwe si namba ya mtu. Risiti iandikwe hatua iliyofanywa na namba ya jino, kwa mfano 46, gego la kwanza chini kulia. Ukihamia kliniki nyingine katikati ya matibabu, daktari mpya atajua aanzie wapi na wewe hutalipia hatua moja mara mbili.