Gari ya chini na potopoto ya Bukavu: namna ya kupita bila kuacha karteri (bakuli la oili chini ya injini) njiani

Wandugu, mvua imerudi. Kila mwaka Septemba ikifika maswali ni yaleyale, eti wewe unapitaje na hiyo Toyota Altezza iko chini namna hiyo, kwa nini usiuze ukachukua RAV4 kama watu wengine. Siuzi. Naipenda vile iko, na nyumbani kwangu ni juu kabisa, lami inakwisha mbali kabla hujafika mlangoni, kwa hiyo haya ninayoandika ni mambo ya kila siku siyo ya kusimuliwa.

Jambo kubwa ni hili, gari ya chini haikwami kwa kukosa nguvu ya injini, inakwama kwa tumbo. Malori ya Fuso na magari marefu ya jipu yakipita kwenye udongo mwekundu uliolowa yanachimba mifereji miwili ya pine (matairi) na katikati yanaacha tuta. Jipu linapita juu ya hilo tuta bila hata kuligusa, wewe ukiingia kwenye mifereji ileile tumbo la gari linakalia tuta, uzito wote unabebwa na tumbo, na pine zinabaki zinaramba matope tu. Hapo hata ukanyage mafuta namna gani unajichimbia zaidi. Kuna ndugu yangu mkubwa anaishi Montréal, Kanada, siku moja tunaongea kwenye simu akaniambia theluji nayo ni vilevile, ikijaa chini ya gari fupi inaibeba, magurudumu yanazunguka bure. Tofauti ni kwamba kule Québec sheria inamlazimisha kila mtu kufunga pine za baridi kuanzia 1 Desemba mpaka 15 Machi, huku kwetu unajilazimisha mwenyewe.

Kwa hiyo usiingie kwenye mifereji. Panda juu: pine za upande mmoja ziende juu ya lile tuta la katikati, za upande mwingine ziende ukingoni mwa barabara, mfereji ubaki chini ya gari. Gari itainama kidogo, abiria watapiga kelele, waache wapige. Na hapa magari yetu ya Japani yana faida ambayo watu hawaifikirii, vola (usukani) iko kuume na sisi tunaendesha upande wa kuume, maana yake shofere anakaa upande wa kanivo (mtaro wa maji). Kwenye lami hiyo ni shida tupu, huwezi kupita lori bila kumuuliza aliyekaa kushoto, lakini kwenye matope ni dawa, unashusha kioo, unatoa kichwa, unaona pine yako ya mbele imebakisha vidole vingapi kabla ya kuanguka. Sijawahi kuona kamera inayoshinda hiyo.

Sasa kitufe cha SNOW. Magari mengi ya Toyota ya otomatiki yenye kusukumwa na magurudumu ya nyuma, Mark II, Altezza na ndugu zao, yako na kitufe kimeandikwa SNOW karibu na gia, na watu wanakiacha hapo kama pambo. Kibonyeze. Gari itaanza kuondoka na gia ya pili badala ya ya kwanza, nguvu inafika kwenye pine taratibu, haizunguki ovyo. Wajapani walikitengeneza kwa ajili ya theluji yao lakini udongo wa mtaa wa Cimpunda hapa Bukavu hauna habari na hilo, unakubali vilevile. Kama gari yako haina kitufe, weka gia kwenye 2 kwa mkono, ila nyingi bado zitaondoka na ya kwanza, kwa hiyo kanyaga mafuta taratibu, na kama ni manyuwali (gia za mkono) ondoka na ya pili ukiachia ambreyaji (klachi) polepole. Ukishaanza kupanda kilima usiongeze wala usipunguze, mguu ubaki palepale mpaka juu. Njo maana kabla ya kupanda nasimama chini kwanza, naangalia kama kuna motari (dereva wa pikipiki) au mama mwenye mzigo anashuka, kwa sababu nikisimama katikati ya mlima sitaondoka tena, nitarudi kinyumenyume.

Halafu mvua zenyewe siyo sawa. Watu wanaogopa mvua kubwa, mimi naogopa manyunyu, hasa yale ya mwanzo baada ya vumbi la Juni mpaka Agosti. Manyunyu yanalowesha ngozi ya juu tu ya udongo, chini bado ni kugumu, pine inateleza juu ya kile kijitabaka, hata kwenye lami pia, juu kuna vumbi na mafuta ya magari ya miezi yote hiyo. Mvua kubwa inaosha. Ikinyesha kweli mimi nangoja nusu saa au saa moja baada ya kukatika, maji yashuke, mawe yaliyotoka juu yaonekane, ndipo natoka.

Pine. Wenye magari ya chini tunapenda janti (rimu) kubwa na pine nyembamba, zenye mpira mfupi pembeni, najua, inapendeza. Lakini janti ya inchi 17 na pine ya 215/45 kwenye mawe ya huku ni kutafuta kupasua janti. Nilirudi kwenye 16 na 205/55, duara lote linabaki karibu sawa, kilometa kwenye dashibodi hazidanganyi sana, ila unapata mpira mrefu zaidi pembeni wa kupokea mawe. Chagua pine yenye mifereji mipana inayoweza kutema matope. Angalieni pia zile pine zinazokuja na magari kutoka Japani, laini, zimejaa vikato vyembamba kama vya wembe, muuzaji atakuambia hizi ni za baridi, hazitelezi. Zilitengenezwa kwa barafu. Matope yanajaza vile vikato mara moja unabaki na mpira uchi, na kwenye lami ya jua zinaisha haraka. Kupunguza hewa kunasaidia, mimi natoka bar 2,2 nashuka mpaka 1,7 hivi, nikifika lami najaza tena. Wenye pine nyembamba msijaribu, jiwe litagonga janti moja kwa moja.

Chini ya gari weka bamba la chuma la kulinda karteri. Mtu wa kuchomea atakufanyia, ila mwambie alifunge kwa bolti asilichomee, maana siku ya kubadilisha oili utalia, na aache tundu chini ya kifuniko cha oili. Ukingo wa mbele wa bamba aukunje kwenda juu, uteleze juu ya tuta, ukibaki umenyooka utachota matope kama jembe.

Kanivo inayokata barabara usiipige uso kwa uso. Ingia mshazari, pine moja moja: ya mbele kuume inashuka na kupanda, ndipo ya kushoto, halafu za nyuma kwa mpangilio uleule. Parishoki (bampa) inabaki salama na tumbo haligongi kwa sababu wakati wote pine tatu ziko juu. Inahitaji nafasi, motari nyuma yako atapiga honi na kukuita majina, wewe endelea. Na maji yakiwa yametuama usipite bila kujua kina chake, tazama mtu wa miguu anapita nayo yanamfika wapi. Yakipita nusu ya pine, rudi. Injini ikivuta maji ikazima humohumo usiipige staa tena hata mara moja, maji hayabanwi kama hewa, kinachopinda ni fimbo za ndani, na bei ya hiyo injini unaijua. Isukumwe nje kwanza, fundi afungue plagi.

Ukikwama, na utakwama, zima hasira kwanza. Vijana watakuja mbio, wapo tu wanasubiri, patana bei kabla hawajashika gari. Mpaka tumbo litoke kwenye tuta kusukuma hakusaidii kitu, kwa hiyo toa jeki, weka kipande cha ubao chini yake isizame, inua upande mmoja, jaza mawe chini ya pine, upande wa pili vilevile. Hapo sasa wasukume, na mtu asisimame nyuma ya pine inayosukuma, mawe yanaruka. Kama kuna gari ya kukuvuta, kamba usiifunge kwenye parishoki wala kwenye mikono ya magurudumu. Magari mengi ya Japani yako na kulabu ya kuvutia kwenye buti pamoja na jeki, unaizungusha kwenye tundu lililojificha nyuma ya kifuniko kidogo cha parishoki. Kaangalie leo kama bado iko, mara nyingi ilishauzwa.

Kama gari yako iko chini kwa sababu mtu alikata resori (springi) na msumeno, usisumbuke na haya yote, rudisha resori nzima kwanza. Resori iliyokatwa inaweza kuhama kwenye kiti chake gari ikiinuka, na amortisere (shokabzoba) inagonga mwisho kila shimo. Mpira wa kuinulia kati ya resori ni dawa ya muda tu, sikatai, lakini si kwa barabara ndefu.

Ukifika nyumbani mwagia maji ndani ya janti, siyo nje tu. Matope yakikauka mle ndani upande mmoja, kesho kwenye lami vola itatetemeka utadhani rotili (viungo vya magurudumu) zimekufa, utapeleka garaji watakubadilishia vitu ambavyo havina kosa.

Kuhusu mteremko wa Ngomo, maana wengi mnaniuliza kwa safari ya Uvira: kwa gari ya chini na mvua, hapana. Ule mteremko ni kona juu ya kona, lori likikwama mbele yako huna pa kugeuzia, na ukingo siyo wa kuchezea. Kama karatasi zako ziko sawa na mpaka uko wazi, vuka mto Ruzizi, shuka kwa lami ya Rwanda mpaka Bugarama, utokee Kamanyola, upande wa Kongo tena. Kama hauko wazi, acha gari nyumbani upande basi.