Safari ya milimani na wageni wanaokula kosheri: anza kupanga na Ijumaa, milima baadaye

Mkuu uliyeuliza nimekuelewa. Una familia ya Wayahudi wa dini, watu tisa, wanataka siku nane za barabara za milimani huku kaskazini, Ngorongoro, Kilimanjaro kwa chini na Usambara, hawapandi kilele, wanataka mandhari tu, wamekwambia wanakula kosheri, yaani chakula kinachofuata sheria za dini yao, na wewe unauliza kama ukiwatafutia hoteli zenye chakula halali itatosha. Haitatosha. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mimi ni dereva wa watalii, mzaliwa wa Lushoto, naendesha kutoka Arusha, familia za namna hii nimeshazibeba mara nne na ya kwanza niliiharibia vitu ambavyo mpaka leo vinaniuma.

Kitu cha kwanza kabisa, usianze na ramani, anza na Ijumaa. Sisi wengine tunapanga safari kwa kuangalia mlima uko wapi na loji ipi ina nafasi, hawa inabidi ujue kwanza Ijumaa jua likizama watakuwa wamelala wapi, maana kuanzia hapo mpaka Jumamosi usiku nyota zikitoka gari haliwashwi, simu haishikwi, moto hauwashwi, hela hailipwi, hata swichi ya taa hawagusi. Huku kwetu jua linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na kumi na mbili na dakika 50 mwaka mzima, na wao akina mama wanawasha mishumaa dakika kama 18 kabla ya hapo. Kwa hiyo wewe kichwani kwako weka saa tisa alasiri mmeshafika, mizigo imeshashushwa, na jiko limeshaanza kazi, sababu chakula chote cha Jumamosi kinapikwa Ijumaa.

Mimi safari ile ya kwanza niliwatoa Moshi Ijumaa asubuhi nikijua mchana tuko Lushoto. Tulichelewa kutoka, halafu njiani si unajua ile barabara kila kijiji ni spidi hamsini na trafiki wako pale wamesimama, tukafika Mombo saa tisa, nikawaambia bado kilomita 33 tu tumefika, tukapanda, karibu na Soni kwenye kona tukakuta lori la mbogamboga limekufa limeziba njia. Saa nzima tumekaa. Yule baba wa familia hakunipandishia sauti hata kidogo, aliniambia kwa upole tu kwamba jua likizama tutashuka hapa hapa tulipo na gari halitasogea, na watoto wake wadogo watatu wamelala nyuma. Nilitetemeka. Tuliingia saa kumi na moja na dakika 35, mama yao alishuka na mishumaa mkononi hata begi hakushusha. Tangu siku ile mimi Ijumaa gari langu halitembei zaidi ya masaa mawili, na ile safari ndefu ya kutoka Kilimanjaro kwenda Usambara naifanya Alhamisi, basi.

Sasa Sabato walale wapi. Watu wengi watakwambia Ngorongoro juu ukingoni maana pale ndio pazuri, mimi nakwambia hapana. Kibali cha pale kinahesabiwa kwa saa 24, watakaa siku nzima wanalipia na kreta, lile bonde la wanyama chini kule, hawashuki, halafu huwezi kutembea kwa miguu ovyo kuna nyati na tembo wanapita mpaka kwenye loji, na juu kule ni zaidi ya mita 2,200, baridi yake usiku na watoto si mchezo. Walale Sabato Lushoto. Lushoto unatembea, hewa nzuri, na ukichukua nyumba upande wa Irente karibu na ile view ya kuangalia nyika ya Wamasai chini kule Mazinde, Jumamosi asubuhi baada ya sala wanatoka kwa miguu wanaenda kukaa pale juu wanarudi kula. Ila wana mpaka wa kutembea pia, dhiraa 2,000 nje ya makazi, kama kilomita moja hivi, kwa hiyo mtumie baba wa familia ramani mapema apime mwenyewe na amuulize rabi wake, wewe usimwamulie. Na wakitoka nje hawabebi kitu, hata chupa ya maji wala funguo, usishangae.

Chumba chenyewe uliza haya kabla hujalipa: mlango unafunguka kwa funguo ya kawaida au kwa kadi? Kadi ni umeme, watashindwa kuingia. Kuna taa zile zinazojiwasha mtu akipita? Omba zizimwe. Jenereta inazimwa saa ngapi? Na bili ilipwe Ijumaa mchana yote. Mimi nilikuwa nawawekea jiko la umeme la kupasha chakula liwake usiku kucha, umeme ukakatika saa mbili usiku, na hawawezi kukwambia njoo uwashe, hata kama wewe si Myahudi hawakutumi waziwazi kazi hiyo, wakala baridi. Siku hizi nabeba jiko la gesi, tunalipeleka jiko la nje lenye hewa, tunaweka bati juu ya moto mdogo na sufuria zinakaa juu ya bati tangu Ijumaa jioni, gesi hata ikiwaka siku nzima mtungi wa kilo 6 unatosha.

Tukija kwenye chakula, ndio penye kazi. Halali na kosheri zinafanana kwa mbali, nguruwe hakuna na mnyama anachinjwa kwa jina la Mungu, lakini nyama ya bucha la Muislamu hawali, lazima achinje mtu wao aliyesomea kazi hiyo, akague mapafu, halafu nyama iloekwe na itiwe chumvi saa nzima damu itoke. Kwa hiyo nyama ama wanakuja nayo imegandishwa na imefungwa kwa muhuri, na hilo la vibali vya kuingiza nyama waambie walimalize kabla ya kupanda ndege, ama wiki nzima hakuna nyama. Familia mbili nilizobeba hazikula nyama kabisa na walishiba vizuri tu. Halafu nyama na maziwa havikutani, si kwenye sahani, si kwenye sufuria, si kwenye sponji ya kuoshea. Seti mbili. Mimi nanunua sokoni Moshi sufuria mpya, za nyama nazifunga kitambaa chekundu, za maziwa bluu, na za vitu visivyo huku wala kule kama wali, maharage na mboga nazifunga kijani, na kila seti kisu chake, mwiko wake na ubao wake.

Sufuria zikishakuwa mali yao, za chuma na vioo inabidi wazizamishe kwenye maji ya asili kabla ya kutumia, si ya bomba. Mimi nawapeleka Chemka, pale ukifika Boma Ng'ombe unakata njia ya vumbi, ni chemchemi ya kweli maji yanatoka chini ya ardhi, baba mmoja alivyoiona alifurahi utadhani amekuta kisima cha Ibrahimu. Watoto wanaogelea, baba anazamisha sufuria moja moja anasema baraka yake, na wewe unapumzika. Weka hiyo kwenye ratiba.

Na hizo sufuria zilinde kama mboni ya jicho. Kuna loji moja, siitaji, nilimkabidhi mpishi boksi letu jioni nikamwambia usiguse, usiku yeye kwa wema wake akaona vyombo vichafu akaviosha vyote pamoja na vyao kwenye karai moja la maji ya moto. Kwake ilikuwa heshima kwa mgeni, kwao ndio vimeshaharibika vyote. Kosa lilikuwa langu maana sikumweleza sababu, nilimpa amri tu. Sasa hivi naenda kukaa na mpishi, nakunywa naye chai, namweleza hawa ni watu wa Torati, chakula kwao ni ibada, na kila mpishi niliyemweleza hivyo alisaidia kwa moyo. Ukipata mpishi kutoka Upare ndio utashukuru zaidi, kule Wasabato wako tangu 1903, ukimwambia Ijumaa jua likizama amekuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Vya kununua huku: matunda mazima na mboga nzima hazina shida, na Lushoto kuna plamsi, pea, karoti, kabichi mpaka uchoke. Ila wadudu ni haramu kwao kuliko hata watu wanavyodhani, kwa hiyo mchicha na koliflawa wanaosha na kukagua jani kwa jani kwenye mwanga, ukitaka kuwapunguzia kazi nunua viazi, karoti, nyanya, matango, maboga. Mayai mazima sawa, wanavunja moja moja kwenye glasi waone kama kuna damu. Samaki lazima awe na mapezi na magamba, sato au perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu sawa, kambale hapana, kamba na pweza hapana, na nunua mzima na magamba yake wayaone wenyewe, usikatiwe kwa kisu cha sokoni. Unga wa ugali wa kawaida sawa, mchele wanachambua, na ugali maharage watoto wao waliupenda mno. Jibini ya pale Irente ambayo wageni wote wanaisifia wao hawali, sababu ya kimeng'enya cha kugandishia na hakuna mtu wao aliyesimamia, usiwanunulie kwa mshangao ukadhani umewafurahisha. Supamaketi Arusha geuza pakiti nyuma utafute alama, herufi U ndani ya duara, au muhuri wa Beth Din, baraza lao la marabi, bidhaa nyingi za Afrika Kusini zinao, piga picha mtumie mama wa familia wasap yeye ndiye atakuambia nunua au acha.

Hata kama vyombo ni vyao na vitu ni vyao, wewe ukipika peke yako mwanzo mwisho bado hawali vyakula vingi, mmoja wao awashe moto. Ni kitu cha sekunde, njiti ya kiberiti tu, mwite kabla hujaweka sufuria jikoni. Na maziwa wengine wanataka Myahudi awe ameshuhudia yakikamuliwa, Marangu tulienda alfajiri kwa mama mmoja wa Kichaga anafuga ng'ombe wawili nyuma ya nyumba, baba wa familia alisimama pale na ndoo yake mpya mpaka tone la mwisho, yule mama akamwambia karibu tena kesho baba, na kesho yake tulirudi kweli.

Mchana wa kreta wale ndani ya gari, usiwashushe pale Ngoitokitok, sehemu ya kulia chakula ndani ya kreta, na mikate mikononi, wale mwewe wanashuka kama mshale, na mkate wa mgeni wa kawaida unaweza kuomba mwingine hotelini, wa hawa ukienda umeenda.

Njiani wape nafasi ya sala, mara tatu kwa siku, asubuhi ndio ndefu, usipange kutoka saa kumi na moja alfajiri kama kwa wageni wengine bila kuwauliza. Mkitoka mjini wanasoma dua ya safari, punguza redio. Na wakiona mlima mkubwa kwa mara ya kwanza wana baraka yake, wanamshukuru aliyeumba, kwa hiyo Kilimanjaro ikifunguka ghafla usisubiri sehemu ya picha, tafuta pembeni salama usimame hapo hapo, mwezi wa saba na wa nane inaweza isifunguke tena siku hiyo. Jerusalemu kutoka Lushoto ni kaskazini, inaenda kushoto kidogo tu, na kibla chetu Waislamu ni kaskazini kinaenda kulia kidogo. Nakumbuka pale Mtae jioni, wao wanasali mimi nasali, tumepishana hatua chache tumeangalia upande mmoja, chini Mkomazi yote imelala, babu wa familia baadaye alinishika bega akauliza na mimi naelekea wapi nikamuonyesha kwa kidole, akaonyesha cha kwake, akatikisa kichwa kwa muda mrefu hakusema kitu. Mimi nimezaliwa milima hii na sala ile sijawahi kuisahau.

Kwa hiyo ratiba yako mimi ningeiweka hivi: Jumapili Arusha manunuzi na kuna jumuiya ndogo ya Wayahudi pale kama wanataka kuonana nao, Jumatatu Karatu mkisimama juu ya Mto wa Mbu kuangalia Ziwa Manyara, Jumanne kreta, Jumatano mrudi mpaka Marangu mkipitia Chemka, na hapo Karatu siku za mwanzo watumie vyombo vya kutupa na chakula walichokuja nacho. Alhamisi siku nzima Lushoto kupitia Same. Ijumaa asubuhi matembezi mafupi msitu wa Magamba, saa sita mmerudi kupika. Jumapili Mtae.

Waambie pia wasije na mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hawa huwa wanafungia kila kitu plastiki, uwanja wa ndege itawachelewesha, wabebe ya kitambaa na foili za kutosha. Kama wanakuja Agosti uliza tarehe ya mfungo wao wa mwezi Av wa kalenda yao, ni wa saa 25 bila maji, na tangu mwezi huo uanze mpaka mfungo wengi hawali nyama, familia nyingi za dini husafiri mara tu baada ya mfungo huo kwa sababu shule zao zimefungwa, na Lushoto Agosti ni ukungu na baridi, waje na masweta.

Gari, uliuliza kama moja linatosha. Watu tisa, seti tatu za vyombo, mtungi, maboksi ya barafu, haliwezi. Chukua Land Cruiser mbili, na zile sufuria nyekundu zikae gari moja na za bluu gari la pili.