Mdogo wako hapati usingizi wala hali chakula, na mitihani ya chuo (UE) inakaribia: anzia hapa

Dada uliyeuliza kuhusu mdogo wako wa mwaka wa pili, kwamba amekonda, halali, hapokei simu na UE zimebaki wiki chache: pole sana. Nilikuwa mwakilishi wa darasa chuo kimoja hapa Dar, na hali hiyo nimeiona kwa wenzangu wengi.

Kwanza muulize, bila kumsuta, amekula nini tangu jana. Enzi zetu bumu, yaani mkopo wa serikali wa kujikimu, lilihesabiwa sh. 8,500 kwa siku (lilipanda hadi 10,000 mwaka 2022), lakini linaingia kwa mkupuo, na humo humo kuna kodi ya geto, nauli, bando, na kwa wengi wetu mama nyumbani anayesubiri chochote. Likiisha, watu wanapiga pasi ndefu, yaani mlo mmoja kutwa. Mtu wa hivyo akikesha anapiga msuli wa kusoma, tumbo linawaka, anameza dawa za vidonda vya tumbo bila kupimwa, na anachosoma hakikai kichwani.

Sisi getoni tulikuwa tunamlipa mama ntilie siku ileile bumu linapoingia. Alikuwa na daftari, kila mtu na ukurasa wake. Ukila, anaweka tiki. Wali maharage na mchicha ulikuwa na uhakika navyo hata mfukoni kukiwa hamna kitu. Chuo kinachojali afya ya wanafunzi kianzie hapo kwenye sahani, mabango ya afya ya akili yafuate.

La pili ndilo linalowaponza wengi. Kama hali ni mbaya, aende zahanati ya chuo na kadi ya bima, kisha kwa mshauri wa wanafunzi, aombe kuahirisha mitihani. Kanuni za vyuo vyetu zinaruhusu kwa sababu ya ugonjwa, ila maombi yatangulie mtihani. Ukishaufanya ukafeli, cheti cha daktari cha baadaye ni vigumu kukuokoa. Mwenzangu mmoja aliogopa kuonekana amerukwa na akili, nikamsindikiza, nikakaa naye kwenye benchi mpaka akaitwa. Aliahirisha, akarudi, akamaliza. Wengine waliona aibu, wakakusanya sapu (mitihani ya kurudia), wakadisko, yaani wakaondolewa chuoni.

Akigusia tu habari za kufa, acha simu, panda basi leo, na asilale peke yake.

Yuko hosteli au amepanga? Mtafute mwakilishi wa darasa lake, yeye anaweza kumfikia jioni hii hii.