Sullivan alipigana raundi 75 mikono mitupu, na mimi niache glavu?

SWALI: Kocha shikamoo. Nimesoma kuwa John L. Sullivan, bingwa wa uzito wa juu wa zamani, alipigana raundi 75 bila glavu. Nimeanza kupiga begi mikono mitupu ili ikomae, na kuna jamaa ananiuzia dawa ya kuloweka ngumi. Nikishakomaa naweza kufanya sparing (mazoezi ya kupigana na mwenzangu) bila glavu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, na hiyo hela ya dawa kanunue bandeji za kufunga mikono kabla ya glavu.

Hizo raundi 75 zinawachanganya wengi sana. Pale Richburg, Mississippi, tarehe 8 Julai 1889, Sullivan na Jake Kilrain walipigana kwa sheria za zamani za London, raundi haina dakika tatu, inaisha mtu akienda chini, iwe kwa ngumi au kwa kubwagwa kama kwenye mieleka, mnapumzika sekunde 30 mnarudi. Kilrain alikuwa anajiangusha makusudi apate kupumua. Pambano lilichukua saa mbili na dakika 16 hivi juani, Sullivan akatapika raundi ya 44 na bado akaendelea mpaka kona ya Kilrain wakarusha sponji, yaani wakakubali kushindwa. Ile pumzi ni ya kweli na namheshimu sana, ila ilitoka kwa William Muldoon aliyemkatisha pombe na kumsimamia mazoezi, haikutoka kwenye beseni la dawa.

Kinachoniudhi zaidi, Sullivan mwenyewe alikuwa mtu wa glavu! 1883 na 1884 alizunguka Marekani akiahidi pesa kwa yeyote atakayemaliza naye raundi nne, kwa glavu. Mikono mitupu mnayoisikia ni mapambano yake na Paddy Ryan 1882, Charlie Mitchell 1888 kule Ufaransa, af Kilrain, basi, hakurudi tena huko. Hata ubingwa alivyoupoteza kwa Jim Corbett, New Orleans 1892, raundi ya 21, walivaa glavu.

Halafu mnadhani glavu inalinda kichwa cha anayepigwa. Jamani, glavu inalinda mkono wa anayepiga! Fuvu ni gumu, mifupa ya kiganja ni myembamba, na ule wa chini ya kidole kidogo ndo unaovunjika kila siku. Wazee walikuwa wanaloweka mikono kwenye maji ya chumvi, ngozi inakuwa ngumu kweli, mfupa unabaki vilevile. Na ubongo unatikisika ndani ya fuvu hata ukipigwa na glavu nene ya aunsi 16, kwa hiyo anayekuambia sparing ya kuumizana kila siku inakukomaza anakumaliza, awe muuza dawa au awe kocha mwenye filimbi shingoni.

Wengine wakishaumia wanaenda kukandwa mafuta ya moto mfupa ukiwa umevunjika, ndo unaunga vibaya na ngumi haikunji sawasawa tena. Kama umeshapiga begi mikono mitupu na fundo la kidole kidogo limezama, au mkono umevimba upande huo, usiguswe na mkandaji yeyote, nenda hospitali leo wakupige eksirei.