Mkuu wa shule mpya, huruma yako iandike kwenye faili

Ukipata barua ya uteuzi wa ukuu wa shule utapongezwa, kisha utapewa ushauri wa namna mbili. Wa kwanza atakwambia kaza, ukilegea watakupanda kichwani. Wa pili atakwambia hawa ni watoto wa maskini, waonee huruma. Siku mzazi anakaa mbele ya meza yako analia, hakuna hata mmoja wao atakayekuwepo. Haya ninayoandika nimeyapata kwenye sekondari za kata hapa Tanzania, ambako wengi wenu ndiko mtakakoanzia. Walimu wakuu wa msingi wasome "kamati ya shule" kila ninapotaja bodi.

Kabla ya yote, zisome nyaraka zenyewe, siyo muhtasari uliorushwa kwenye kundi la WhatsApp la wakuu wa shule. Nimewasikia wengi wakisema "sina la kufanya, ni maelekezo", na ukiwaomba hayo maelekezo hawana. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na mwaka 2022 Serikali ikaifuta ya kidato cha tano na sita. Hata hivyo bado utakuta mtoto karudishwa nyumbani kwa sababu ya mchango wa mlinzi au rimu ya karatasi, na aliyemrudisha anajiona mtu wa taratibu! Kumfukuza mwanafunzi moja kwa moja nako si uamuzi wako peke yako: shauri linapita kwenye bodi. Hata Baraza la Mitihani, ambalo tunaliogopa kuliko wote, lina nafasi yake kwa mtahiniwa aliyeugua akashindwa kufanya masomo mengi: matokeo yake huzuiliwa na anapewa fursa ya kufanya mtihani mwaka unaofuata. Lakini lazima mkuu wa shule awe ameripoti ugonjwa huo kwa maandishi na vyeti vya hospitali. Mtoto anayeikosa nafasi hii mara nyingi aliikosa ofisini kwa mkuu wake.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile tunachokiita mgongano wa huruma na kanuni si mgongano. Ni uvivu wa kusoma. Inayobaki baada ya kusoma ndiyo kazi ngumu, na kwa kazi hiyo nina kipimo kimoja tu. Kila unapomlegezea mtu, andika: ni nani, ana shida gani, nimetumia kifungu gani au kikao gani, na je, mwingine mwenye shida hiyohiyo akija kesho atapata vilevile. Ukiona mkono unakuwa mzito kuandika, jua hiyo si huruma, ni upendeleo. Wanaofika ofisini kulia ni wale wenye nauli na ujasiri. Yupo mtoto mwenye shida kubwa zaidi ambaye bibi yake hajawahi kuvuka geti la shule, na huruma ya mdomo haimfikii kamwe.

Chukua suala la chakula cha mchana. Kikao cha wazazi kimekubaliana kila mwanafunzi alete mahindi na maharage, muhtasari umeandikwa, mpishi kapatikana. Wiki ya tatu, kengele ya makande inapigwa na kuna kundi limesimama pembeni chini ya mwembe. Wazazi wao hawajaleta. Kikao kilisema asiyeleta asile, na mwalimu wa zamu anakutazama. Ukisema wote wale, mwezi ujao walioleta wataacha kuleta na stoo itakauka. Ukisema wasile, mchana huo kuna mtoto atalala kwenye kipindi cha hesabu, na kuna mwingine hatarudi kesho.

Ushauri wangu ni kwamba wale, halafu kesho yake uitishe wawakilishi wa wazazi, mmoja kwa kila kitongoji. Orodha ya wasioweza waitengeneze wao. Wewe umehamia tu. Wao wanajua nani ana ng'ombe na nani analelewa na bibi. Kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini ni pa kuanzia, ingawa si wote wenye shida wamo humo. Asiye na mahindi lakini ana nguvu aje mwenyewe, mzazi na siyo mtoto, achanje kuni. Anayeweza lakini hataki, deni ni lake na ofisi ya kijiji inamjua, asidaiwe kupitia tumbo la mwanawe. Na majina yasisomwe mstarini. Nimeona shule iliyosamehe watoto chakula kisha ikawasimamisha mbele ya wenzao kutangaza msamaha huo. Nusu yao waliacha kula.

Sasa niende kwenye lile linalonyima watu usingizi. Baba na mama wanakuja mapema kabla ya mstari, wameongozana na mzee wa ukoo. Salamu zinakuwa ndefu. Kisha mzee anasema, "Mwalimu, binti kapata ujauzito, lakini tumeshayamaliza kule nyumbani. Tunaomba tu lisifike mbali." Mwanamume amekubali kuoa, au ametoa chochote. Mama anainama chini. Labda huyo mwanamume ndiye anayelisha nyumba mbili.

Hapa usijadiliane. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, na inamtaka mkuu wa shule atunze kumbukumbu za kesi hizo na kuzitolea taarifa kila robo mwaka. Nisingetegemea hofu ya sheria peke yake kukushawishi, kwa sababu kijijini hofu ya wanaukoo ni kubwa kuliko ya sheria. Angalia badala yake nani hajaongea kwenye mazungumzo hayo. Binti hayupo, au yupo na hajaulizwa. Kilichomalizwa ni shida ya watu wazima. Ukinyamaza umewasitiri wao, na yule mwanamume anabaki kwenye njia ileile wanayopita wanafunzi wako wengine jioni.

Waambie palepale, kwa heshima na bila kuzunguka: "Mzee wangu, nimekusikia, lakini hili nalazimika kulipeleka, na naona afadhali mlisikie kwangu kabla sijalipeleka." Kisha lipeleke siku hiyohiyo: ofisi ya elimu, ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi. Binti azungumze na matroni au mwalimu wa malezi peke yake, asihojiwe mbele ya walimu watano wa kamati ya nidhamu.

Kuna siku aliyehusika atakuwa mwanafunzi wako wa kidato cha tatu, naye hajafika miaka 18. Sheria haikupi wewe nafasi ya kuchagua nani aripotiwe. Unachoweza ni kuandika taarifa kamili: umri wake, darasa lake, kwamba naye ni mtoto, na kumtaka afisa ustawi awepo tangu mwanzo, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ina mahakama ya watoto kwa mashauri ya namna hiyo. Sikuwahi kuipenda barua ya aina hii, na simwamini mkuu anayesema aliiandika bila kusita.

Binti naye asiishie hapo. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwemo, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na waraka ukatoka. Ana hadi miaka miwili ya kurudi. Waraka umeandikwa vizuri. Tabu iko kwenye chumba cha walimu. Utasikia "atawaharibu wenzake", na utamsikia mwalimu akimwita "mama fulani" darasani kwa utani. Malizana na walimu kwenye kikao kabla hajaripoti. Kisha uliza maswali ya kawaida: nani anabaki na mtoto, siku za kliniki ni zipi, anyonyeshe saa ngapi. Njia ya kusoma nje ya mfumo rasmi kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, na kwa wengine ni nzuri zaidi, ila mwelekeze huko kama inamfaa yeye, siyo kwa sababu unataka aondoke machoni pako.

Huruma ya hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni ile tunayooneana sisi walimu. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 ziko wazi: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike, na iandikwe kwenye kitabu. Sasa mwalimu asiye na kibali amemtandika mtoto hadi mkono umevimba, na wenzake wanakufuata: "Mkuu, ni mwenzetu, ana familia, tuongee na mzazi yaishe." Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa shule moja ya msingi Bukoba alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu wake, mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamhukumu mwalimu huyo kunyongwa. Mpeleke mtoto hospitali kwanza, halafu andika. Mamlaka ya kutoa onyo kwa makosa mepesi unayo. Yakizidi hapo yana njia yake kupitia Tume ya Utumishi wa Walimu.

Kwenye ruhusa, kinyume chake, kuwa mwepesi. Mwalimu anayeuguza mama yake hospitali ya mkoa mwache aende, lakini aende na karatasi, nakala ibaki. Utoro wa siku tano kazini unaweza kumfukuzisha mtu, na wenzake wanaomsainia daftari kwa nia njema wanamwongezea kosa la pili juu ya la kwanza, na lao wenyewe. Vipindi vyake wagawie wenzake kwa maandishi pia, la sivyo kidato cha nne kitakaa bila fizikia na hakuna atakayejua ni zamu ya nani. Akirudi, apitie kwa mwalimu wa taaluma kabla ya kuingia darasani, wapange vipindi vilivyopotea vitafidiwa lini.