Maswali yenu kuhusu dakika za kwanza za mtoto mchanga: mapigo, pumzi, oksijeni na joto

Maswali ya safari hii yote yanahusu yale yanayopimwa mtoto akishazaliwa tu, kabla hajatolewa katika chumba cha kujifungulia. Nimeyafupisha bila kubadili maana, na yale yaliyoulizwa na wengi nimeyajibu kwa kirefu zaidi.

Mwanangu alizaliwa kimya. Mkunga alimkausha kwa taulo na kumsugua mgongo, akaanza kupumua, lakini hakulia. Je, alikuwa hatarini?

Kinachotafutwa ni pumzi, na kilio ni ushahidi mmoja tu kwamba hewa imeingia mapafuni. Mtoto anayepumua vizuri, ambaye viungo vyake vimekaza na moyo wake unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, hahitaji kulazimishwa kulia. Alipokuwa tumboni mapafu yake yalijaa majimaji na oksijeni yote ilimfikia kupitia kondo la nyuma. Pumzi za kwanza ndizo zinazoyaondoa majimaji hayo na kuifungulia damu njia ya kupita mapafuni. Kati ya watoto 100 waliotimiza miezi, wapatao 85 huanza kupumua wenyewe ndani ya sekunde 10 hadi 30, na wengine kama 10 huanza wakishakaushwa na kusuguliwa mgongo, kama ilivyokuwa kwa mwanao. Wachache wanaobaki, takriban watano, huhitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko na barakoa.

Jambo la kuangaliwa hapa ni muda. Mtoto ambaye haitikii kusuguliwa, au anayevuta pumzi moja moja za kukatakata, asiendelee kusuguliwa kwa matumaini kwamba ataamka, bali aanze kupuliziwa hewa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Zile desturi za kumning'iniza mtoto miguu juu au kumpiga makofi hazina faida yoyote na zinaweza kumdhuru.

Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Naambiwa mapigo ya moyo ndiyo kipimo kikuu, lakini kila mkufunzi ananionyesha njia yake ya kuyahesabu. Niishike ipi?

Umeambiwa kweli kuhusu mapigo, na inafaa kujua sababu yake. Kwa mtu mzima moyo mara nyingi husimama kwa maradhi ya moyo wenyewe, lakini moyo wa mtoto anayezaliwa hupungua kasi kwa sababu umekosa oksijeni. Kwa hiyo mapigo yakipanda unajua kwamba hewa inafika, na yakibaki chini unajua kwamba haifiki. Hakuna kipimo kingine kinachokujulisha upesi namna hiyo kama msaada wako unafanya kazi.

Anza na stetoskopu. Iweke upande wa kushoto wa kifua, hesabu mapigo kwa sekunde 6, kisha zidisha kwa 10, na huku unasikiliza gongagonga kidole chako mezani ili wenzako wafuatilie mwendo wa moyo bila kukuuliza. Kushika kitovu karibu na tumbo ni njia ya haraka, lakini mara nyingi hukupa hesabu iliyo chini ya ukweli, na usipohisi kitu hapo usikate shauri kwamba moyo umesimama mpaka umesikiliza kifuani. Oksimita, kifaa kinachofungwa mkononi na kusoma oksijeni ya damu na mapigo kupitia ngozi, huweza kuchukua dakika moja au zaidi kabla ya kuonyesha namba ya kuaminika. Kipimo cha umeme wa moyo ndicho chenye haraka na usahihi zaidi, na ni bora kuwa nacho pale mtoto anapohitaji msaada mkubwa, ila kinaweza kuonyesha umeme hata pale moyo usiposukuma damu. Kwa sababu hiyo sikushauri uitupe stetoskopu hata penye mashine nzuri kuliko zote.

Sasa namba zenyewe. Kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika, ingawa mtoto aliyetimiza miezi na aliyelala fofofo anaweza kushuka kidogo chini ya hapo. Yakiwa chini ya 100, au mtoto hapumui, mpulizie hewa mara 40 hadi 60 kwa dakika. Mapigo yasipopanda, usikimbilie hatua nyingine kabla hujatazama kifua: kama hakiinuki, irekebishe barakoa, uinyooshe shingo vizuri, uondoe kilichoziba mdomoni. Yakiwa bado chini ya 60 baada ya sekunde 30 za hewa iliyokiinua kifua kweli, hapo ndipo unaanza kukandamiza kifua, mara tatu kwa kila pumzi moja, yaani mikandamizo 90 na pumzi 30 katika dakika. Nimeona tamaa ya kukandamiza mapema kwa wanafunzi wengi, na naielewa, kwa sababu inaonekana kama kazi kubwa zaidi. Lakini kwa mtoto mchanga dawa ya kwanza ni hewa.

Mke wangu alipojifungua, mashine ilionyesha oksijeni ya mtoto ni asilimia 68 katika dakika ya pili, na wahudumu hawakushtuka. Mtu mzima mwenye namba hiyo si angekuwa mahututi?

Angekuwa, lakini mtoto wako alikuwa anapita mahali ambapo mtu mzima hapiti. Tumboni damu ya mtoto huwa na oksijeni kidogo sana ikilinganishwa na yetu, na kupanda kwake baada ya kuzaliwa ni kwa hatua. Mwishoni mwa dakika ya kwanza hutarajiwa asilimia 60 hadi 65, dakika ya pili 65 hadi 70, ya tatu 70 hadi 75, ya nne 75 hadi 80, ya tano 80 hadi 85, na ya kumi 85 hadi 95. Namba ya mwanao ilikuwa mahali pake. Wahudumu waliisoma pamoja na saa ya ukutani, na ndivyo inavyopaswa kusomwa, kwa kuwa asilimia 68 hiyohiyo katika dakika ya kumi ingewafanya wote wachangamke.

Huenda pia uliona kifaa kikifungwa kwenye mkono wa kulia. Mtoto anapozaliwa bado ana mshipa wa muda unaounganisha ateri ya mapafu na aota, yaani mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, na damu yenye oksijeni kidogo inaweza kupitia humo kuelekea sehemu za chini za mwili. Damu ya mkono wa kulia huchepuka kabla ya mahali hapo, kwa hiyo inafanana na ile inayokwenda kwenye ubongo.

Oksijeni nyingi kupita kiasi nayo ina madhara, hasa kwa macho na mapafu ya watoto njiti. Kwa sababu hiyo mtoto aliyetimiza miezi huanza kupuliziwa hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, na huongezewa tu kipimo kikionyesha kwamba hafikii kiwango cha dakika yake. Kabla ya oksimita, ambayo kanuni yake ilivumbuliwa Japani na Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970, wahudumu walitegemea macho, na macho hukosea mara nyingi katika kuipima oksijeni kwa rangi ya ngozi. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, tazama ulimi na ndani ya midomo. Tena ijulikane kwamba oksimita yenyewe huweza kusoma juu kidogo kuliko ukweli kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo namba nzuri isimfanye mtu apuuze mtoto anayeonekana kuhangaika.

Kadi ya mwanangu inasema Apgar 6, kisha 9. Je, ile 6 itaathiri akili yake?

Hapana, alama hizo hazikukusudiwa kutabiri akili ya mtoto. Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa Marekani, alizichapisha mwaka 1953 ili watoto wote watazamwe kwa utaratibu mmoja badala ya kila mtu kusema anavyoona. Hutazamwa mambo matano, yaani mapigo ya moyo, upumuaji, ukakamavu wa misuli, mwitikio wa mtoto akiguswa, na rangi, kila moja likipewa 0 hadi 2, katika dakika ya kwanza na ya tano. Ikiwa katika dakika ya tano hazijafika 7, hurudiwa kila baada ya dakika tano hadi ya 20. Kwenda kutoka 6 hadi 9 maana yake mwanao aliyazoea mazingira mapya upesi. Hata watoto wenye afya tele ni nadra kupata 10 dakika ya kwanza, kwa sababu mikono na miguu yao bado ina rangi ya buluu. Na uamuzi wa kumsaidia mtoto hausubiri alama hizi, kwa kuwa msaada huanza kabla dakika ya kwanza haijatimia.

Kwa nini joto lipimwe mapema hivyo, wakati mtoto ametoka tu kwenye mwili wenye joto?

Ni kwa sababu hiyohiyo. Anatoka mahali penye joto akiwa amelowa, maji yaliyo mwilini mwake yanakauka na kuondoka na joto, naye ana ngozi pana kwa uzito mdogo. Mtoto aliyepoa hutumia oksijeni na sukari nyingi ili kujipasha, na njiti aliyepoa yumo katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Shirika la Afya Duniani linataka joto lake liwe nyuzi 36.5 hadi 37.5, na chumba kisipungue nyuzi 25 wala kisiwe na upepo unaovuma. Hupimwa kwapani kwa kipimajoto. Mtoto hukaushwa, huvikwa kofia na kulazwa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, na kuogeshwa kusubiri saa 24. Wale wa chini ya wiki 32 hutiwa mwili, kasoro uso, ndani ya mfuko safi wa plastiki bila kukaushwa kwanza. Ila kuwapasha kupita nyuzi 37.5 nako ni kosa.

Mjukuu wangu anapumua mbio, kisha anatulia kidogo, kisha anaendelea. Ni kawaida?

Mara nyingi ni kawaida, bibi. Watoto wachanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, na vituo vya sekunde chache, chini ya kumi, ni vya kawaida. Kwa hiyo pumzi zao huhesabiwa dakika nzima. Kituo kinachozidi sekunde 20, au kinachoambatana na kubadilika rangi, si cha kawaida. Vivyo hivyo kukoroma kila anapotoa pumzi, pua kutanuka na mbavu kubonyea ndani.

Mbona hawakumpima shinikizo la damu?

Kwa mtoto mwenye afya halipimwi kama desturi. Hupimwa kwa aliye mgonjwa au anayeshukiwa kuwa na tatizo.

Mtoto akishawekwa kifuani kwangu, je, ufuatiliaji unakwisha?

Haupaswi kwisha. Katika saa ya kwanza mtoto na mama huangaliwa kila dakika 15: pumzi zake, rangi ya midomo, joto, na kitovu kama kinavuja damu. Ni nadra, lakini imetokea mtoto aliyezaliwa mzima akaacha kupumua akiwa kifuani, hasa mama akiwa amechoka mno au amelewa dawa za maumivu na hakuna mtu karibu. Kwa hiyo uso wake uonekane, kichwa kigeukie upande mmoja, pua na mdomo viwe wazi, shingo isikunjwe, na shuka limfunike mgongo bila kufika usoni. Ukihisi usingizi unakushinda, mwambie aliye nawe amtazame mtoto, na kama uko peke yako mwite muuguzi bila kuona haya.