Jibu: Wasauzi wamechoka na mfumo wa uwiano?

Mkuu, Afrika Kusini chama hupata viti vya bunge kulingana na asilimia ya kura zake, ndio uwiano huo. Wengi hawajachoka nao wenyewe, kinachowakera ni orodha ya chama, ambamo wabunge hutoka. Mkazi wa Soweto akichoshwa na polisi, diwani wake anamjua, ila mbunge wa kumbana hana. Majina yamepangwa na wakubwa wa chama. Mwaka 2003 tume ya Van Zyl Slabbert, iliyochunguza mfumo wa uchaguzi, ilipendekeza majimbo makubwa yenye wabunge 3 hadi 7, viti 100 vibaki vya kusawazisha, ili jumla ya viti vya kila chama ilingane na kura zake. Ikawekwa kabatini! Mahakama ya Katiba iliruhusu wagombea binafsi 2020, lakini 2024 hakuna hata mmoja aliyepata kiti kati ya 400 vya Bunge la Taifa. Wengine wanadai kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kura ili chama kipate kiti, maana hata kwa chini ya asilimia 1 ya kura chama kinaingia bungeni. Hilo mimi silikubali, litawanufaisha vigogo tu.